Maswali na Majibu: Kivuli Hubandikwa Kikiwa Kimesimama

Mwezi huu barua zenu nyingi zimeuliza jambo moja kwa njia mbalimbali: namna ya kutumia sanaa ya mitaani, ile inayomfanya mpita njia asimame ghafla, kuonyesha haki za watu zinavyovunjwa. Tumechagua saba. Majibu yameandikwa na wachoraji wa kuta, fundi wa taa na mwanasheria. Majina ya walioandika tumeyahifadhi, na baadhi ya barua tumezifupisha.

Mhariri, salamu sana. Mtaani kwetu kuna vijana waliochukuliwa na watu wasiojulikana na mpaka leo hawajaonekana. Kikundi chetu kimepanga kuchora miili barabarani kwa chaki, kama polisi wanavyofanya palipolala maiti, kila mwili na jina lake. Tunaomba ushauri, na pia tufanye nini mvua isifute. (Msomaji, Kisumu)

Fanyeni, ila msichore chini. Mchoro wa mwili uliolala una maana moja kwa kila mtu: huyu amekufa. Familia inayomtafuta mwanawe hospitalini, vituoni na mochari haijakubali hivyo, na nyinyi hamna mamlaka ya kukubali kwa niaba yake.

Jambo hili lilishaamuliwa Buenos Aires, Argentina, tarehe 21 Septemba 1983, utawala wa kijeshi ukiwa bado madarakani. Wasanii watatu, Rodolfo Aguerreberry, Julio Flores na Guillermo Kexel, walipeleka wazo lao kwa Akina Mama wa Plaza de Mayo: watu walale juu ya karatasi, wachorwe umbo kamili, na vivuli hivyo vibandikwe mjini kote kwa idadi ya watu waliopotezwa na utawala huo. Akina mama walikubali kwa sharti kwamba vivuli visimame wima. Walikuwa wanadai watoto wao warudishwe hai, na aliye hai husimama. Siku ile maelfu ya watu waliokuja kwenye maandamano walilaza miili yao wenyewe ichorwe. Kulikuwa na vivuli vya watoto na vya wanawake wajawazito, na asubuhi yake waliokwenda kazini walikuta kuta zimejaa watu wasio na sura.

Kwa hiyo tafuteni karatasi ya roli. Viwanda vya kuchapisha magazeti hubaki na vipande vya mwisho vya roli na huviuza kwa bei ndogo, na karatasi ya kaki ya kufungia mizigo pia inafaa, mradi iwe nyembamba. Karatasi nzito, ya gramu 120 kwenda juu, hujivuta ikikauka na kubanduka pembeni. Kata urefu wa mita 2. Anayechorwa alale chali, mikono iachane kidogo na kiuno, miguu iachane kwa kiasi cha kiganja. Mchoraji ashike kalamu ya nta wima kabisa. Akiilaza kuelekea ndani, mtu mzima anatoka mwembamba kama mtoto, na hilo ndilo kosa la kwanza la kila kikundi. Jazeni umbo kwa rangi nyeusi ya maji iliyoongezwa maji kidogo, mkono mmoja tu wa rola. Ikipakwa mara mbili inafunga karatasi, gundi haipenyi.

Gundi ni ya jikoni. Koroga kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha mimina taratibu kwenye vikombe vinne vya maji yanayochemka huku ukikoroga. Dakika tano hivi uji unaanza kung'aa. Hapo umeiva, epua. Unapata kama lita moja na robo, inayotosha vivuli vitatu. Wanga wa muhogo unashika vizuri hata kuliko ngano. Sembe hausaidii, chenga zake haziyeyuki. Tumieni siku hiyohiyo, maana kwa joto la Kisumu uji huo unachacha kesho yake. Kijiko kidogo cha shabu kinazuia ukungu.

Wengine huongeza sukari ili ishike zaidi. Msiongeze. Sukari inaita sisimizi na mbuzi, na mbuzi wa mtaani ataumaliza ukuta mzima wa ushahidi kabla ya saa mbili asubuhi. Kama mtaa wenu una mbuzi wengi, inueni nyayo za vivuli kiasi cha nusu mita. Na asije mtu akawashauri mtie mrututu kama wafunga vitabu wa zamani. Ni sumu, na mbuzi ni mali ya mtu.

Ukuta uliopakwa chokaa inayopukutika upigwe brashi kavu kwanza, la sivyo gundi inashika vumbi na vumbi linaachia ukuta. Ukuta wa rangi ya mafuta hauwekeki kitu, karatasi inateleza siku ya pili. Bati linachemka mchana na kuchana karatasi. Saruji tupu ndiyo nzuri kuliko zote. Bandikeni jioni au alfajiri, si juani: paka gundi ukutani, weka karatasi kutoka juu, kisha pitisha brashi yenye gundi juu yake kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Watu watatu wanatosha kwa kivuli kimoja, yaani wa kupaka, wa kubandika, na wa kutazama njia.

Kuhusu mvua, ukimaliza na kuacha ikauke, paka juu gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Itastahimili wiki kadhaa. Lakini jueni mnachopoteza. Gundi ya unga pekee huondoka kwa maji ya uvuguvugu na brashi ngumu bila kuharibu rangi ya ukuta, na hiyo ni hoja kubwa mtu akiwashtaki kwa kuharibu mali. Ya seremala haiondoki kirahisi.

Andikeni jina, umri, tarehe na mahali alipoonekana mara ya mwisho, basi. Mambo hayo manne yathibitishwe na familia kwa maandishi. Desemba 2024 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu Kenya, KNCHR, ilitangaza kwamba tangu Juni mwaka huo imeorodhesha watu 82 waliotekwa, na 29 walikuwa bado hawajapatikana. Tarakimu kama hiyo iwekwe pamoja na tarehe yake, kwa sababu wapo waliorudi baadaye, akiwemo mchora katuni anayejulikana kama Kibet Bull, ambaye mwenyewe alipata umaarufu kwa michoro ya vivuli na aliachiwa Januari 2025. Aliyerudi, kivuli chake kitolewe ukutani siku hiyohiyo, au kiandikwe «amerudi» na tarehe. Kivuli kimoja kilichopitwa na wakati kinawapa wakosoaji ruhusa ya kuvikana vyote.

Mnakumbuka nguruwe waliopelekwa Bunge 2013? Mpaka leo watu wanaongea. Sisi tunataka kumwaga damu halisi ya machinjioni mbele ya ofisi moja ya serikali kuhusu vijana waliopigwa risasi. Kuna wanaotuambia tumepitiliza. Mnasemaje? (Msomaji, Kayole, Nairobi)

Kwanza nguruwe wenyewe. Tarehe 14 Mei 2013 waandamanaji walipeleka nguruwe na damu mbele ya Bunge la Kenya kupinga wabunge waliotaka kujiongezea mishahara. Picha zilizunguka dunia. Kwa hoja ya ulafi, nguruwe alieleweka bila kamusi, na kwa hilo kazi ilifanikiwa. Lakini muulize mtu leo kilichodaiwa siku ile ni nini hasa, kiasi gani, na chombo gani kilipaswa kuamua. Atakusimulia nguruwe. Sehemu ya mjadala ilihamia kwa wanyama wenyewe, kama waliteswa au la, na wabunge wakapata pa kupumulia.

Linganisha na mwaka mmoja nyuma yake. Juni 2012 Boniface Mwangi na wenzake walibeba majeneza meusi 49 hadi Bunge. Jeneza linatisha pia, lakini hapa idadi ndiyo iliyosema: miaka 49 tangu uhuru wa 1963, kila jeneza mwaka mmoja wa wakubwa kutowajibishwa. Aliyeyahesabu alishaelewa hoja kabla hajasoma bango. Ukiondoa jeneza moja, kazi inaharibika. Hicho ndicho kipimo tunachowapa: je, katika mnachokipanga, kuna kitu ambacho kikibadilika kidogo maana inavunjika? Kama damu iwe lita 5 au 50 ni sawasawa tu, basi damu hiyo haisemi kitu, inapiga kelele.

Na kuna ambao hawakuhitaji hata tone. Bogotá, Colombia, tarehe 6 Novemba 2002, msanii Doris Salcedo alianza kuteremsha viti vya mbao, kimoja kimoja, kutoka paa la Jengo la Mahakama. Jengo la zamani lililokuwa mahali hapo lilivamiwa na waasi tarehe hiyohiyo mwaka 1985, jeshi likalirudisha kwa vifaru na moto, na watu karibu mia moja wakafa. Kiti cha kwanza kilishuka saa tano na dakika 35 asubuhi, saa aliyouawa mtu wa kwanza. Viti 280 viliteremka kwa saa 53. Hakuna hotuba wala kipaza sauti. Watu waliopita walisimama kutazama kiti kitupu kinachoning'inia kando ya dirisha, na waliokuwepo 1985 walijua.

Sasa damu yenu, kwa upande wa kazi tu. Damu ya ng'ombe huganda ndani ya dakika chache isipokorogwa mfululizo tangu inapotoka, kwa hiyo mtafika na mabonge ndani ya ndoo. Kufikia saa sita mchana inanuka na nzi wamejaa, na maofisa wa afya wana sababu halali ya kuwaondoa, hata kama hoja yenu ni ya haki kiasi gani. Kwa Mwislamu damu iliyomwagika ni najisi. Ataizunguka mbali asichafue nguo ya swala, na mtakuwa mmefukuza baadhi ya watu mliotaka wasome. Mkiona lazima kuwe na wekundu, chemsheni uji mwepesi wa wanga wenye rangi ya chakula, muumwage juu ya turubai na si juu ya sakafu. Terazo hunywa rangi, na gharama za kusafisha huwa ndiyo shtaka.

Tungewashauri hivi: kama waliopigwa risasi ni 14, leteni vitu 14, kila kimoja kitu ambacho mmoja wao alikuwa nacho siku hiyo, kwa saa ileile na mahali palepale. Sare ya shule, toroli, kofia ya bodaboda. Picha za maiti msitumie, hata familia ikiruhusu mwanzoni. Ruhusa inayotolewa wiki ya msiba mara nyingi hujutiwa miezi mitatu baadaye, na picha haishuki tena ikishapanda mtandaoni.

Je, tunahitaji kibali? Mmoja anasema ndiyo, mwingine anasema kibali kiliondolewa. (Wasomaji wawili, Nakuru na Mwanza)

Nakuru: Katiba ya Kenya, kifungu cha 37, inakupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka taarifa kwa mkuu wa kituo cha polisi, si ombi. Taarifa itolewe angalau siku 3 na isizidi siku 14 kabla, ikiwa na jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, muda ulio kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mahali au njia. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Askari akikataa kugonga muhuri, andika pembeni jina lake, namba yake na saa, piga picha.

Mwanza: sheria ya polisi ya Tanzania inataka taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi wa eneo saa 48 kabla, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Ofisa ana uwezo wa kuzuia, kwa hiyo msitumie fedha za vifaa kabla ya jibu.

Mchoro kwenye ukuta wa mtu binafsi ni jambo jingine. Hapo mnahitaji barua ya mwenye nyumba. Ya mpangaji haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokwama: muuza duka aliyekubali kwa moyo mmoja hana mamlaka juu ya ukuta. Barua itaje kiwanja, vipimo vya mchoro, mwanzo na mwisho wa ruhusa, na nani atapaka rangi upya. Epukeni bendera na nembo ya taifa, nchi zote mbili zina sheria inayozilinda, na shtaka la nembo ni rahisi kulithibitisha kuliko la uchochezi. Sura ya mtu halisi aliye hai ikiambatana na neno «muuaji» ni kesi ya kashfa inayosubiri wakili. Ndege, fisi na mamba hawana wakili. Wachoraji wa Nairobi walipomchora tumbusi aliyevaa suti mwaka 2012, hakuna mbunge aliyeweza kwenda mahakamani kudai kwamba tumbusi yule ni yeye.

Namba ya wakili iandikwe kwa kalamu mkononi, kwenye ngozi. Simu ndiyo inayochukuliwa kwanza.

Tunafikiria kumulika maandishi ukutani usiku kwa projekta, hakuna rangi, hakuna alama inayobaki. Tulijaribu ofisini ikang'aa vizuri, tukaenda nje ikawa kama hakuna kitu. Tatizo ni nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Tatizo ni hesabu ya eneo. Projekta ya ofisini ina lumeni kama 3,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye projekta), na ofisini mlikuwa mnaangaza ukuta wa mita mbili. Kila projekta ina uwiano wake: gawanya umbali kutoka ukutani kwa upana wa picha. Yenye uwiano wa 1.5, ukiiweka mita 15 inatoa picha ya mita 10. Kwa lumeni 6,000, picha ya mita 10 kwa 6 na kidogo inapata kama laksi 96 (laksi ni mwanga unaofika kwenye kila mita ya mraba ya ukuta), nayo inasomeka vizuri. Ukirudi nyuma hadi mita 30, picha inakuwa pana mara mbili lakini eneo ni mara nne, na mwanga unashuka hadi laksi 24, karibu sawa na ukuta unaopigwa na taa ya barabarani. Ndiyo maana mliona hakuna kitu. Sogeeni karibu, au tafuteni ukuta ulio kizani. Ukuta mweupe au wa krimu ndio wa kutumia. Vioo ni hasara tupu, mwanga unapita ndani, na matofali mekundu yanakula zaidi ya nusu.

Maandishi yawe meupe juu ya nyeusi, si kinyume chake, kwa sababu nyeusi ya projekta ni kutokuwepo kwa mwanga na kingo za picha hazitaonekana. Kwa kila mita 10 za umbali wa msomaji, herufi iwe na kimo cha sentimita 3 kwa uchache. Kwa aliye kwenye daladala zidisha mara tatu. Maneno saba, yasizidi tisa.

Umeme: projekta ya kiasi hicho hula wati 400 hadi 500. Jenereta ndogo ya kilowati 1 inatosha lakini inapiga kelele na kuwatangaza. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 100, mkitumia nusu ya nguvu yake ili isife, inawapa kama saa moja pamoja na inveta. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Projekta ya taa ya kawaida ikichomolewa ghafla, feni inasimama taa ikiwa bado moto, na taa inaweza kupasuka au kuungua. Inataka dakika mbili tatu za kupoa. Anayepanga kuondoka haraka akodi ya leza.

Mfano mkubwa wa njia hii ni wa London, 1985. Krzysztof Wodiczko, msanii mzaliwa wa Poland, alikuwa na ruhusa ya kumulika picha kwenye mnara wa Nelson pale Trafalgar Square. Usiku mmoja akageuza projekta moja upande wa pili wa barabara, kwenye uso wa pembetatu ulio juu ya nguzo za Ubalozi wa Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi, na kuweka alama ya Wanazi. Ilikaa kama saa mbili mpaka polisi wakamzuia. Ukuta haukuguswa. Waliopiga picha zile ndio walioifanya ikae miaka 40, na kwa sababu hiyo mtu wa kamera, mwenye kiegemeo cha miguu mitatu na uwezo wa kuacha lenzi wazi nusu sekunde, ni muhimu kama mwenye projekta. Picha za simu usiku hutoa ukuta mweupe uliochomeka.

Msimulike dereva machoni, wala dirisha la chumba cha mtu.

Tunataka kuweka viatu vyekundu uwanjani kwa ajili ya wanawake waliouawa na waume au wapenzi wao. Vitoke wapi, na rangi gani inashika? (Msomaji, Eldoret)

Njia hii ilianzishwa na Elina Chauvet huko Ciudad Juárez, Mexico, mwaka 2009, kwa jozi 33. Dada yake aliuawa na mumewe. Tangu hapo imefanyika nchi nyingi, na kwenu itaeleweka haraka. Januari 2024 wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kwa hoja hiyohiyo.

Viatu vitoke kwa watu, si kwa marobota ya mitumba peke yake. Mwanamke anayeleta kiatu chake na kukipaka mwenyewe ameshaingia kwenye kazi, na atakuja na jirani yake. Osheni kwa sabuni, kaushieni, kisha pigeni msasa ngozi inayong'aa. Rangi ya maji ya ukutani inapasuka kiatu kikikunjwa. Ya kupuliza ya akriliki inashika, mikono miwili, dakika 20 kati yake, nje ya nyumba na pua imefunikwa. Kopo moja la mililita 400 linamaliza jozi nne hadi tano.

Wizi utakuwepo. Pakeni rangi hadi soli na ndani ya kiatu ili kisiuzike, tobosheni soli kwa msumari na mpitishe waya wa kufungia nondo, safu nzima iwe kitu kimoja. Pangeni viatu vyote vikielekea upande mmoja, kituo cha polisi au mahakama, kama watu wanaokwenda huko. Vikitupwa ovyo vinaonekana kama soko la Jumapili, na kuna mtu atauliza bei.

Jozi zilingane na idadi mnayoweza kuithibitisha kaunti yenu, kwa kipindi kilichotajwa. Kumi na moja zenye ukweli zinatosha kabisa.

Niko Muscat, nafanya kazi za ndani. Wenzangu wawili walinyang'anywa pasipoti na kupigwa. Tunaweza kufanya maonyesho kidogo hapa nje? (Msomaji, Oman)

Dada, usifanye hapo. Mkusanyiko bila kibali ni kosa, kuchora ukutani ni kosa, na mwajiri anaweza kuripoti kwamba umetoroka, ukajikuta mtuhumiwa ni wewe. Andika kila kitu kwa tarehe, nakala za pasipoti na mkataba zifike kwa ndugu nyumbani, na suala la wenzako lipelekwe ubalozini. Kazi ya sanaa ifanyike huku, uwanja wa ndege wanakoondokea wengine au mbele ya mawakala wanaowapeleka, bila majina yenu wala sura. Vikundi vya Mombasa vinavyosoma safu hii vimesikia.

Familia saba za mtaa wetu zimepoteza vijana wao mikononi mwa askari. Tunataka kitu cha kudumu. Mmoja wetu ameona Ujerumani vibao vya shaba vinavyopachikwa njiani. Vitafaa huku? (Msomaji, Likoni, Mombasa)

Vibao hivyo ni kazi ya Gunter Demnig, aliyeanza miaka ya 1990. Ni bamba la shaba ya njano la sentimita 10 kwa 10 juu ya kipande cha zege, linalopachikwa mbele ya nyumba ya mwisho aliyoichagua mwenyewe mtu aliyeteswa na Wanazi. Maandishi huanza «Hapa aliishi», kisha jina, mwaka wa kuzaliwa, na kilichompata. Mwaka 2023 vilipita 100,000 Ulaya nzima. Nguvu yake ni mlango: unajua alichungulia dirisha hili, alivuka kizingiti hiki.

Lakini hata kwao wapo wanaovipinga. Mji wa München haukubali vipachikwe kwenye njia zake za umma, kwa hoja kwamba majina ya waliouawa yatakanyagwa. Pwani hoja hiyo itakuwa nzito zaidi, na baadhi ya majina yenu yana jina la Mungu ndani yake, Abdallah, Abdulrahman. Hayakai chini ya kiatu. Tena shaba ardhini Likoni haimalizi mwezi, wanunuzi wa vyuma chakavu wako barabara ya pili, na hewa ya chumvi inaifanya kijani. Tumieni kigae cha kauri kilichochomwa maandishi, au bamba la mawe, kipachikwe ukutani kando ya mlango kwa kimo cha macho, mita 1.5, kwa saruji na si kwa skrubu.

Mkitaka kitu cha pamoja, vukeni bahari mkaangalie kumbukumbu ya watumwa iliyopo kando ya Kanisa la Anglikana, Mji Mkongwe, Unguja, ya Clara Sörnäs, 1998. Sanamu za watu watano ziko ndani ya shimo, viwiliwili vinachomoza, shingo zimefungwa kwa minyororo ya enzi zenyewe. Hakuna kilichonyanyuliwa juu ya jukwaa. Mgeni analazimika kuinama kuwatazama, na kwa kitambo anasimama pale alipokuwa akisimama mnunuzi. Simameni pale dakika kumi mtazame wageni wanavyobadilika. Msiige shimo, igeni swali la mahali miguu ya mtazamaji inapowekwa.

Na kabla ya kuzindua, pigeni picha za kila upande. Sanamu ya Jens Galschiøt yenye kimo cha mita 8, iliyowekwa Hong Kong 1997 kuwakumbuka waliouawa Tiananmen, iliondolewa chuo kikuu usiku mmoja wa Desemba 2021, ikiwa imefunikwa kwa mapazia. Lakini wanaharakati walikuwa wameshaipiga picha mamia, wakaunda umbo lake kwenye kompyuta na kuliachia huru mtandaoni, na yeyote mwenye mashine ya kuchapa plastiki anaweza kuitoa kwa kimo cha sanamu ya mezani. Kwa kazi yenu ndogo, picha 80 zinatosha: zunguka mara mbili, mara moja kwa kimo cha goti na mara moja juu ya kichwa, kila picha ishike angalau nusu ya iliyotangulia, siku ya mawingu ili kusiwe na vivuli vikali. Nakala moja iwe nje ya nchi, moja kwa wakili, moja kwa mama mkubwa wa mtaa ambaye hakuna atakayefikiria kumpekua.